Unamlipia mchumba makalio, daktari umemuuliza cheti?

Ndugu msomaji, kijana mwenzangu wa Temeke, Ilala na Kinondoni, leo tusemezane bila kuoneana haya. Ukinunua simu Kariakoo unaigeuza mara kumi. Unakagua kioo, unapiga picha ya majaribio, unadai risiti. Lakini mchumba akikuambia amempata "daktari" wa kumwongezea makalio na kumpunguza tumbo, unatoa fedha bila kuuliza huyo daktari kasoma wapi. Kulikoni? Mwili wa binadamu umekuwa rahisi kuliko simu?

Usiniambie mambo haya ni ya wanawake. Nani anayepiga mluzi likipita umbo namba nane? Nani anayemsimanga mkewe kwa tumbo la uzazi? Ni sisi. Na siku mgonjwa akizidiwa usiku wa manane, atakayetafuta teksi na kuchangisha fedha ni wewe.

Mwezi uliopita nilipanda ghorofani katika jengo moja hapa Dar es Salaam, kwenye vyumba viwili vinavyojiita kliniki. Nikasema nina mchumba anataka kupunguzwa mafuta. Nikaonyeshwa picha za "kabla" na "baada", zimejaa simu nzima. Nikaomba namba ya usajili ya daktari. Dada wa mapokezi akanikazia macho: "Kaka, kwani wewe ni polisi?" Nikauliza mtungi wa oksijeni uko wapi. Akacheka. Nikashuka ngazi zangu.

Picha na umaarufu si ushahidi. Mwulize Mbrazili. Julai 2018, mjini Rio de Janeiro, alikuwapo Denis Furtado, aliyejiita Dk. Bumbum, maana yake daktari wa makalio. Mashabiki wake kwenye Instagram walizidi laki sita. Mteja mmoja, mfanyakazi wa benki, alisafiri kutoka mkoa wa mbali kumfuata, akachomwa sindano za makalio nyumbani kwa huyo daktari, kwenye fleti! Mwanamke yule alifia hospitalini saa chache baadaye. Daktari akatoroka, polisi wakamnasa baada ya siku kadhaa. Mashabiki laki sita, na hakuna aliyeuliza kwa nini upasuaji unafanyika sebuleni.

Fedha nazo si kinga. Oktoba 2005, Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wakati huo, alifariki Hispania baada ya kupunguzwa mafuta ya tumbo katika kliniki ya mji wa Marbella. Mrija wa kunyonyea mafuta ulipotea njia, ukatoboa utumbo na kujeruhi ini. Mwaka 2009 daktari wake alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa uzembe uliosababisha kifo. Kama mke wa Rais aliangukia mikono mibovu Ulaya, wewe mlalahoi wa Manzese utaponaje kwa kubahatisha?

Kwa hiyo, kabla ya kutoa senti, uliza haya.

Kwanza, jina lake limo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika? Likiwamo, usiishie hapo. Daktari wa malaria na daktari bingwa wa upasuaji rekebishi si mtu mmoja. Uliza ubingwa wake ni wa nini.

Pili, nani atatoa dawa ya usingizi? Anayepasua hawezi wakati huohuo kulinda pumzi ya mgonjwa. Lazima awepo mtaalamu wa usingizi, aliyekaa kwa kazi hiyo tu.

Tatu, mambo yakiharibika, mgonjwa anakwenda wapi? Oksijeni ipo? Damu ipo? Chumba cha wagonjwa mahututi kiko umbali gani?

Nne, anakueleza hatari? Kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili wako kuna balaa lake: mafuta yakiingizwa ndani ya msuli yanaweza kupenya kwenye mishipa mikubwa ya damu, yakafika moyoni na kwenye mapafu. Mwaka 2018 vyama vya madaktari wa fani hiyo duniani vilitoa onyo kwamba vifo vinaweza kufikia mtu 1 kati ya 3,000. Anayekuambia "hakuna shida, kesho utacheza muziki" ni mchuuzi tu.

Tano, na hili ndilo kubwa: anaweza kukukatalia? Donda West, mama mzazi wa mwanamuziki Kanye West, alifariki California Novemba 2007, siku moja baada ya upasuaji wa urembo. Daktari mmoja alieleza baadaye kwamba yeye alikataa kumpasua hadi apimwe afya yake kwanza. Mama akapata mwingine aliyekubali. Uchunguzi wa kifo ulitaja ugonjwa wa moyo pamoja na athari zilizofuata upasuaji. Mwaka 2009 jimbo hilo likapitisha sheria yenye jina lake: hakuna upasuaji wa urembo bila kupimwa kwanza. Daktari anayekuambia "hapana" anaweza kuwa ndiye rafiki yako.

Sasa nigeukie wakubwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Hospitali ya Muhimbili Mloganzila ilianza huduma za upasuaji wa urembo mwaka 2023. Lakini vichochoroni je? Ubabaishaji unatangazwa mchana kweupe, na ushuru wa mabango hauachwi hata siku moja. Serikali inaliona bango lakini haimwoni daktari uchwara aliyechorwa juu yake! Inasubiri maiti ndipo iunde tume. Vigogo wakiugua wanapanda ndege, sisi tunaachiwa sindano za ghorofani.

Tunadai jambo dogo tu. Kila kliniki ibandike mlangoni, na kwenye kila tangazo, jina kamili la daktari, namba ya usajili na ubingwa wake. Asiye navyo afunge duka. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Hadi hapo serikali itakapoamka, mkaguzi ni wewe. Na ukiulizwa kama wewe ni polisi, jibu kwamba wewe ndiye utakayebeba jeneza, kisha mshike mchumba wako mkono mshuke ngazi.