Wasee wa Landless, Kimera Hakiui. Njia ya Mkato Ndio Inaua

Kama unaishi Landless, Thika, unajua bia ya kiwanda imepanda bei hadi wasee wanarudi kwa mama pima. Iko sawa, lakini chanuka kwanza.

Busaa ni kama brown ale yetu, bila hopsi. Rangi ya kahawia inatoka kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa. Kimera cha wimbi kinageuza wanga kuwa sukari, hamira inageuza sukari kuwa pombe.

Ngori ni hiyo kazi inataka siku kadhaa. Muuzaji mwenye haraka anaweka methanoli ya viwandani ndio pombe ishike mbio. Hiyo inapofusha, inaua. Februari 2024, zaidi ya watu 10 walidedi Kangai, Kirinyaga, juu ya pombe yenye sumu.

Sheria ya 2010 ilihalalisha hadi chang'aa, bora muuzaji awe na leseni. Lakini msako ukija, mpishi wa ukweli na muuza sumu wote wanajificha gizani, na huko gizani huwezi watofautisha.

So kabla uitishe kikombe, uliza: hii imekaa siku ngapi? Akianza kuzungusha maneno, ishia.