Matumbawe katika Nchi ya Shaba

Tumbawe si ua wala jiwe. Ni mnyama wa baharini. Ndani ya mwili wake hukaa vimea vidogo mno, vinavyomlisha kwa nguvu ya nuru. Vikimtoka, hugeuka mweupe, na visiporudi hufa.

Mwenye kumfuga katika tangi la kioo hapa Naviundu ana adui wa karibu, nayo ni shaba. Mto wetu hupokea maji machafu ya viwanda vya madini, na visima vya kandokando visiaminiwe. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 2 za shaba kwa lita kuwa mpaka wa maji ya kunywa. Tumbawe hufa kwa sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Ndiyo maana dawa za samaki zenye shaba ni sumu kwake.

Tena tusidanganyike kwa kuyachemsha maji: vijidudu hufa, lakini shaba hubaki, na maji yakipungua huzidi kukolea. Sharti yapitishwe katika chujio la utando linalozuia madini, ndipo yatiwe chumvi ya bahari, gramu 35 kwa lita. Yakipungua tangini kwa mvuke, tuongeze maji matamu yaliyochujwa, maana chumvi haikuondoka. Wala bomba la shaba lisiyaguse. La plastiki latosha.