Ziwa Kivu: manahodha wa boti wafundishwe na nani?

Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, wa mwaka 1978, unahusu meli za baharini. Vyombo vya maziwani havimo. Basi wakubwa watie saini ushirikiano mara ngapi, nahodha wa Minova hapati hata kozi ya siku mbili.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Wengi walipanda kwa kuwa vita ilikuwa imefunga barabara. Kulaumu abiria ni uonevu: mkimbizi atajuaje boti inabeba watu wangapi?

Kongo na Tanzania zinagawana Ziwa Tanganyika, na Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari chenye walimu wanaosema Kiswahili. Wenye mamlaka, wawe wa upande gani, wawaite wafundishe Kituku na Minova kabla ya kudai tena kodi ya bandarini.