Je, graviti ni nguvu ya msingi kweli?

Kwa sisi tunaoandika programu, wazo kwamba kitu kinaweza kutokana na vitu visivyofanana nacho si geni. Kwenye skrini unaona folda. Ndani ya tarakilishi hakuna folda yoyote, kuna sifuri na moja tu. Sasa kuna wanafizikia wanaosema graviti nayo ni folda ya aina hiyo. Maoni yangu: tulichukue wazo hili kwa uzito, lakini tusiliuze kama jambo lililothibitishwa.

Hebu tuanze na tatizo. Nguvu tatu za asili, yaani ya sumaku-umeme na mbili zilizomo ndani ya atomu, huelezwa kwa nadharia za geji, ambazo Yang na Mills walizipanua mwaka 1954. Graviti ndiyo inayokataa kuingia kundini. Einstein aliieleza mwaka 1915 kama mpindo wa nafasi na wakati, na hadi leo haijapatana kikamilifu na fizikia ya kwanta.

Basi kwa nini tusiiunde kutokana na uga wa geji? Mwaka 1980 Weinberg na Witten walionyesha kuwa njia ya mkato haipo: katika nadharia za kawaida, huwezi kuunganisha chembe nyingine ukapata gravitoni. Mwaka 1997 Juan Maldacena, mzaliwa wa Argentina, akapata njia ya kuzunguka. Alipendekeza kuwa nadharia ya geji ya dimensheni nne, isiyo na graviti, hutoa majibu yaleyale na ulimwengu wenye graviti na dimensheni za ziada. Gravitoni haiishi katika nafasi ileile na chembe zinazoizaa, kwa hiyo katazo halivunjwi.

Kilichonivutia zaidi ni jaribio la tarakilishi. Mwaka 2014 timu ya Masanori Hanada ilichapisha katika jarida la Science hesabu ya nishati ya shimo jeusi, iliyopatikana kwa kuiga nadharia ya geji ya ukoo huo. Ililingana na hesabu ya upande wa graviti. Programu mbili tofauti, jibu moja!

Lakini ulimwengu wa Maldacena umepinda tofauti na wetu, ambao unapanuka kwa kasi inayoongezeka, kama ilivyogunduliwa mwaka 1998. Kwa hiyo anayetangaza leo kuwa "graviti haipo" ni kama anayeuza programu aliyoijaribu kwenye mashine moja tu, tena si ya mteja. Tofali likikuangukia mguuni litakuumiza vilevile. Swali ni moja: limeandikwa kwa msimbo gani? Wewe waonaje?