Cheti Kimebatilishwa, Lakini Nani Amearifiwa?

Safu ya Mitandao na Jamii
Na Rukia Mwinyimkuu

Cheti cha usalama wa tovuti ni hati ya kidijitali inayofungamanisha jina la tovuti na ufunguo wa umma, yaani ile sehemu ya jozi ya funguo za kusimba mawasiliano ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiona, ilhali mwenzake, ufunguo wa siri, hubaki ndani ya seva na hautakiwi kutoka humo. Hati hiyo hutiwa saini na mamlaka ya kutoa vyeti, nayo hubeba tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Hutokea, hata hivyo, cheti kikakosa kuaminika kabla ya siku yake kufika: ufunguo wa siri umeibwa, jina la tovuti limeuzwa kwa mtu mwingine, au mamlaka yenyewe imegundua kwamba ilikitoa bila kufuata kanuni. Hapo cheti hubatilishwa, maana yake mamlaka hutangaza hadharani kwamba kisiaminiwe tena. Programu za kujiendesha zimelifanya tendo hili kuwa jepesi mno kwa anayetangaza, lakini wepesi huo haujamfikia anayepaswa kusikia tangazo, na pengo hilo ndilo linalopuuzwa na miongozo mingi ya kiufundi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Certbot, programu huria inayoendelezwa na shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani kwa ajili ya kuomba, kusakinisha, kuhuisha na kubatilisha vyeti. Mara nyingi hutumiwa pamoja na Let's Encrypt, mamlaka isiyo ya kibiashara iliyofunguliwa kwa umma mwishoni mwa 2015, ambayo hutoa vyeti bila malipo na iliamua tangu awali kwamba vidumu siku 90 tu. Mazungumzo baina ya programu na mamlaka hufuata itifaki ya ACME, iliyochapishwa kama kiwango cha intaneti, RFC 8555, mwaka 2019. Kabla ya hapo, msimamizi wa seva aliyetaka cheti chake kibatilishwe aliandika barua pepe au akajaza fomu kwa aliyemuuzia, kisha akasubiri. Leo anaandika amri ya maneno machache, na jibu linarudi papo hapo.

Itifaki hiyo inatambua njia tatu za kuthibitisha kwamba anayeomba ubatilishaji ana haki ya kufanya hivyo. Ya kwanza ni akaunti iliyokiomba cheti. Ya pili ni akaunti nyingine yoyote iliyokwisha kuthibitisha kwamba inayamiliki majina yote yaliyomo ndani ya cheti, njia inayomfaa mwenye tovuti ambaye cheti chake kiliombwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Ya tatu ni ufunguo wa siri wa cheti chenyewe, na hii inastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa inampa mpita njia aliyeuokota ufunguo huo mahali pa wazi uwezo wa kukifunga cheti kisicho chake. Kwa mtazamo wa kwanza jambo hilo linaonekana kama kasoro, lakini kwa kweli ni busara, kwani ufunguo uliookotwa na mtu mmoja mwema huenda umekwisha kuokotwa na wengine wasio wema. Pamoja na ombi hutajwa sababu, mathalani kwamba ufunguo umevuja, cheti kimepata mbadala, au tovuti imefungwa, na sababu ya kuvuja kwa ufunguo ndiyo inayochukuliwa kwa uzito mkubwa kuliko zote.

Hatari imejificha katika mpangilio wa hatua. Mwongozo mwema unasema cheti kipya kiombwe kwanza, chenye ufunguo mpya, ndipo cha zamani kibatilishwe, ili tovuti isikae hata dakika moja bila cheti halali. Hata hivyo, Certbot huvipanga vyeti vya tovuti moja katika ukoo mmoja, kila toleo likiwa na namba yake ndani ya folda ya kumbukumbu: cert1.pem, cert2.pem, na kuendelea. Msimamizi akishahuisha, kisha akatoa amri ya kubatilisha kwa kutaja jina la ukoo badala ya faili la toleo la zamani, kinachobatilishwa ni kile kipya, na kile ambacho ufunguo wake umeibwa kinabaki hai. Akilitaja faili sahihi, programu itamuuliza kama angependa kukifuta cheti alichokibatilisha pamoja na matoleo yake yote ya kabla na ya baada. Akijibu ndiyo kwa mazoea ya kugonga kitufe, toleo jipya nalo linafutika, na siku seva ya nginx itakapowashwa upya itagoma, kwa sababu mipangilio yake inaelekeza kwenye faili lisilokuwepo. Amri inayotekelezwa kwa nadra na kwa taharuki, kwa kawaida usiku, haikupaswa kuwa na mitego ya namna hii.

Tuseme amri imekwenda sawa. Swali linalofuata ni namna kivinjari cha msomaji aliyeko Tanga au Toronto kinavyopata habari. Njia kongwe ni orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, ambayo mamlaka huitia saini na kuichapisha ili ipakuliwe. Udhaifu wake ulionekana Aprili 2014, baada ya kutangazwa kwa Heartbleed, kasoro ya programu ya OpenSSL iliyowawezesha wavamizi kusoma kumbukumbu ya seva pamoja na funguo zilizomo: kampuni ya Cloudflare ilipobatilisha kwa wingi vyeti vya wateja wake, orodha moja ya mamlaka ya GlobalSign ilivimba kutoka kilobaiti 22 hadi megabaiti 4.9, mzigo usiofaa kupakuliwa na kila simu kabla ya kufungua ukurasa mmoja. Njia ya pili, itifaki ya OCSP, ilikusudia kuondoa mzigo huo kwa kukiruhusu kivinjari kuiuliza mamlaka habari za cheti kimoja tu, lakini ilizaa matatizo mengine mawili. Mamlaka ilipata kujua anwani ya nani inatembelea tovuti ipi. Tena, vivinjari vingi viliamua kwamba jibu lisipopatikana cheti kihesabiwe kuwa kizima, ili hitilafu ya seva ya mamlaka isizime nusu ya intaneti. Matokeo yake, mvamizi aliyekwisha kukaa katikati ya mawasiliano alihitaji tu kulizuia jibu. Mhandisi wa Google, Adam Langley, aliandika mwaka 2012 kwamba ukaguzi wa aina hiyo ni sawa na mkanda wa gari unaokatika pale gari linapogonga, na Chrome ikauacha, ikashika orodha fupi teule inayosambazwa na Google yenyewe.

Let's Encrypt nayo ilizima seva zake za OCSP Agosti 2025, huduma ambayo wakati wa kilele chake mwaka huohuo ilikuwa ikijibu maombi yapatayo bilioni 340 kwa mwezi. Orodha zimerudi, safari hii zikiwa zimebanwa kwa hisabati: mfumo wa CRLite, ambao Firefox ya kompyuta imeutegemea tangu 2025, huhifadhi taarifa za ubatilishaji ndani ya kivinjari chenyewe, bila kumuuliza mtu yeyote. Hayo ni maendeleo ya kweli, ila hayajavifikia vivinjari vyote, na programu nyingi zinazozungumza na seva bila kivinjari hazikagui chochote kabisa.

Upande wa pili wa suala hili ni ubatilishaji unaoanzia kwa mamlaka. Kanuni za CA/Browser Forum, jukwaa linalokutanisha mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari, zinaagiza cheti kibatilishwe ndani ya saa 24 endapo ufunguo umevuja au uthibitisho wa umiliki wa jina hauaminiki, na ndani ya siku 5 kwa makosa mengine mengi. Mwaka 2020 Let's Encrypt iligundua kwamba programu yake, ilipokuwa ikihakiki upya cheti chenye majina kadhaa, ililikagua jina moja mara nyingi badala ya kukagua kila jina mara moja. Vyeti 3,048,289 viliguswa; takriban milioni 1.7 vilibatilishwa kwa wakati, na vilivyobaki viliachwa kwa kuwa wenyewe hawakuwa wamevibadilisha. Julai 2024 zamu ilikuwa ya DigiCert, mamlaka nyingine ya vyeti, iliyokuwa imeisahau alama moja ya mstari wa chini katika namna fulani ya kuthibitisha majina, ikalazimika kutangaza kwamba vyeti 83,267 vitabatilishwa ndani ya saa 24. Mteja mmoja alikimbilia mahakama ya shirikisho huko Utah na kupata amri ya kuzuia vyeti vyake visiguswe, kwa hoja kwamba muda haukutosha kuvibadilisha. Ni vigumu kutomhurumia mteja huyo, na ni vigumu zaidi kukubali kwamba usalama wa umma usimamishwe kwa sababu mtu anasakinisha vyeti kwa mkono.

Jibu la wahandisi limekuwa kupunguza haja ya kubatilisha. Nyongeza ya ACME iitwayo ARI, iliyochapishwa 2025 kama RFC 9773, huiwezesha programu kuiuliza mamlaka mara kwa mara ni lini inafaa kuhuisha, hivyo mamlaka yenye dharura husogeza tarehe nyuma na seva zikabadilisha vyeti kabla ya kufungiwa. Sambamba na hilo, umri unafupishwa: kwa uamuzi wa Aprili 2025, kikomo cha siku 398 kinashuka hadi 200 kuanzia Machi 2026, 100 mwaka 2027 na 47 mwaka 2029, na vyeti vya siku 7 au chini ya hapo havihitaji hata kutangazwa vinapobatilishwa, kwa kuwa vinakufa vyenyewe upesi. Uamuzi huu ni sahihi, ingawa una gharama kwa taasisi za Afrika Mashariki na kwingineko ambazo hununua cheti kwa zabuni ya kila mwaka na kumwachia mkandarasi kila kitu. Mkataba wa aina hiyo utahitaji kutaja mambo ambayo hadi leo hayatajwi: akaunti ya ACME imeandikishwa kwa nani, ufunguo wa siri umehifadhiwa wapi, na mkandarasi akiondoka ni nani ndani ya taasisi anayeweza kuingia kwenye rekodi za jina la tovuti, kuthibitisha umiliki kwa akaunti mpya, na kukibatilisha cheti siku hiyohiyo.