Itikadi, Somo na Mhuri

Wapo watu wanaodhani kwamba itikadi ni maneno ya wanasiasa majukwaani, na kwamba mwalimu aliye darasani au karani aliye ofisini hahusiki nayo. Dhana hiyo ni potofu. Itikadi ya tabaka linalotawala haipati nguvu mpaka igeuzwe kuwa somo na mhuri. Na vyote viwili vimo mikononi mwa walimu na watumishi wa serikali.

Tuitazame Afrika Kusini ya Makaburu. Chama cha National Party, kilichotwaa madaraka mwaka 1948, hakikusema kwamba kinataka jasho rahisi la Mwafrika katika migodi na mashamba. Kilihubiri kwamba kila taifa lijiendeleze peke yake kwa kufuata mila zake, na mahubiri hayo yakapambwa hata kwa Maandiko Matakatifu. Lakini watu waliotengewa kiasi cha asilimia 13 tu ya nchi yao, kwa sheria za ardhi za mwaka 1913 na 1936, wangejiendeleza wapi? Asiye na ardhi hana budi kuuza nguvu zake, na mnunuzi ndiye aliyepanga bei.

Ili mfumo huo udumu, ilibidi uingie ofisini na shuleni. Chini ya Sheria ya Kuandikisha Watu ya mwaka 1950, maofisa walimpangia kila mtu rangi yake, hata ndugu wa tumbo moja wakaweza kutenganishwa. Mhuri katika pasi uliamua kama Mwafrika ataishi mjini au atafukuzwa. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953. Waziri aliyeisimamia, Hendrik Verwoerd, alieleza waziwazi kwamba Mwafrika hana nafasi katika jamii ya Wazungu kupita kazi za aina fulani, hivyo elimu yake ipimwe kwa kipimo hicho. Mtoto akaanza kutayarishwa utumishi tangu darasa la kwanza.

Hata hivyo, binadamu si mhuri. Mwalimu Es'kia Mphahlele alifukuzwa kazi mwaka 1952 kwa kuyapinga mapendekezo ya elimu hiyo. Tarehe 16 Juni, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kikaburu; wakapigwa risasi, lakini utii ambao itikadi ile iliutegemea haukurudi tena. Utawala huo ulikoma kwa kura mwaka 1994. Itikadi ilizikwa, mali iliyokuwa ikiilinda, kwa sehemu kubwa, imebaki kwa wachache.

Hilo ndilo fundisho. Kila itikadi, hata ile inayojiita ya umma, haina budi kuulizwa: nani anafaidi, na nani anatoka jasho? Swali hilo si la wanasiasa peke yao. Linamhusu kwanza mwalimu anapoandaa somo na ofisa anaposhika mhuri, kwa kuwa bila mikono yao itikadi yoyote hubaki maneno matupu.