Msiba Usifichwe



Mwezi Mei 2020 hesabu ya korona nchini ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hivyo zaidi ya mwaka. Misiba haikusimama. Tukazoea kusema marehemu alipata "changamoto ya upumuaji", basi.

Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilitangaza kuwa ana korona. Alifariki tarehe 17 Februari, na waliomlilia walijua maradhi yake. Hilo tunalisifu.

Wapo wanaodhani kulia ni kukosa subira. La! Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba.

Humu madrasani wamo waliofiwa na babu au bibi miaka ile, na hawajaulizwa mpaka leo. Tuwaulize.